Sanda ya Mwanamume

Asubuhi ile baba alikuwa akibishana na Hawo juu ya samli, na mimi nilikuwa nimelala chumba cha nyuma ya duka, tumbo limejaa, nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada yetu, na mume wangu nilimwacha Mombasa kwenye kazi yake ya bandarini. Baina ya kitanda changu na duka palikuwa na pazia tu la leso mbili zilizoungwa. Kila neno lililosemwa dukani lilinifikia, nitake nisitake.

"Hawo, samli hii imetiwa maji," baba alisema.

"Onja tena. Ulimi wako umezeeka."

"Nimeonja mara tatu."

"Basi umeipenda. Pima."

Hawo alikuwa mama wa Kiorma, wa wale wafugaji walioshuka na ng'ombe mpaka karibu na kwetu wakati wa kiangazi. Kila juma alileta samli, kila juma baba aliilaumu, na kila juma aliinunua yote. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini cha kumshinda baba kilimtosha. Hakupenda kulipwa pesa. Alichukua sukari, majani ya chai, na tumbaku ya mumewe, mzee ambaye sisi hatukuwahi kumwona, kisha akaenda zake na vibuyu vitupu mgongoni.

Duka letu lilikuwa Mkwajuni, kaskazini ya Mambrui, mahali njia ya magari ilipopinda kuelekea Garsen. Nikiwatajia wajukuu zangu duka, wao hufikiria yale ya Malindi mjini ambamo mtu husukuma kigari akajichagulia mwenyewe. Letu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu, mizani, debe la mafuta ya taa, magunia mawili ya mchele na sukari, miche ya sabuni, mawe ya tochi, na majora ya nguo kwenye rafu. Mama alifunga viungo kwenye vikaratasi. Baba alipima na kuzungumza, na mazungumzo ndiyo yaliyomla wakati. Kahindi, jirani yetu Mgiriama mwenye shamba nyuma ya nyumba, angeweza kuja kununua kibiriti asubuhi akaondoka adhuhuri, na pengine kibiriti chenyewe akakisahau.

Jora moja lilikaa peke yake rafu ya juu kabisa. Lilikuwa la bafta, nguo nyeupe, na halikuguswa ila kwa sanda. Hapo baba alikuwa na desturi aliyoirithi kwa babake. Aliyekuja kutaka sanda hakuulizwa neno. Baba alikwenda nyuma akatawadha, akarudi akashusha jora, akapima, akaichana nguo kwa mkono bila mkasi, akaweka juu yake pamba na kafuri, na akachukua bei ile ile aliyonunulia yeye. Hakuuliza nani kafa wala kafa kwa nini. Alichohitaji kujua ni nguo ngapi: tatu za mwanamume, tano za mwanamke. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini haulizi, naye alikuwa mtu wa kuuliza mpaka kuku wa watu wametaga mangapi.

"Mtu akifiwa, kila anayekutana naye njiani humwuliza," akaniambia. "Hapa kwangu na apumzike."

Bendera mpya ya nchi ilikuwa haijachakaa tulipoanza kusikia habari za watu wa msituni. Ilisemwa wanataka nchi ya kaskazini iwe yao mbali, na kwamba wana bunduki. Sisi wa Mkwajuni hatukuulizwa tunataka nini. Mwanzo zilikuwa habari za watu wengine, za mahali pengine, na tulizisikiliza huku tukinywa kahawa.

Kisha ikawa lori la Salim.

Salim ndiye aliyetuletea bidhaa kutoka Malindi. Alipiga honi tangu mbali, na mama aliposikia honi aliinjika chai. Siku moja tulingoja honi mpaka chai ikapoa. Jioni Kahindi akaja kutuambia lori limepatikana kwenye bonde, limeungua, na Salim amelala kando yake na risasi mbili kifuani. Baba alikwenda nyuma akatawadha. Aliposhusha jora la bafta alishindwa kuichana nguo mara ya kwanza, akajaribu tena. Mama alilia waziwazi. Mimi niliwachukia watu wa msituni kwa moyo wangu wote, na nisingemficha hilo mtu yeyote.

Baada ya hapo askari walipiga kambi kwenye uwanja wa shule. Mkubwa wao akaitisha baraza, akatoa amri kwa wenye maduka. Mawe ya tochi na dawa visiuzwe kwa watu wa bara ya huko kwa wafugaji. Sukari isizidi ratli moja. Nguo nyingi zisiuzwe. Na kila mnunuzi wa upande huo aulizwe jina, anamnunulia nani, na kwa kazi gani. Mwenye duka atakayekiuka atahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa msituni.

Baba alitii. Nilimsikia akimwuliza Hawo, "Sukari hii ni ya nani?" Hawo akacheka, akidhani ni mzaha wa kila juma. Baba akarudia swali. Kicheko kikakatika. Tangu siku hiyo Hawo alipunguza kuja, na alipokuja hawakubishana tena juu ya samli. Baba aliipima tu, kimya. Nadhani hilo lilimuuma kuliko hasara.

Mwanangu alizaliwa wiki ile ambayo milio ya bunduki ilianza kusikika mchana, upande wa mtoni. Mkunga aliniambia nisukume, na kila mlio ulipolia alinyamaza, kisha akaniambia tena nisukume. Alikuwa msichana. Baba alimshika, akamwadhinia sikioni polepole, akamwita Amina. Kisha akasimama naye mlangoni akimwonyesha duka, hii mizani, hii sukari, usimsikilize nyanya yako, tumbaku ni mbaya. Kwa muda tukawa na furaha. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu hudhani wakati wa vita hapana furaha.

Nilikuwa bado ndani ya arobaini, sitoki chumbani, Hawo alipokuja asubuhi mapema bila vibuyu.

Baba alimwamkia.

"Bafta," Hawo alisema. "Nguo tatu."

Nilisikia kiti cha baba kikisogea. Akapita kwenye pazia, akaja upande wetu kwenye birika la maji, akaanza kukunja mikono ya kanzu. Mama alikuwa ameketi nami akimkanda mtoto. Aliinuka, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Athmani, muulize."

Baba akanawa uso.

"Amri imesema tuulize. Muulize jina la maiti tu."

"Amri ni ya wanunuzi," baba akasema. "Huyu kafiwa."

"Hao askari watajua tofauti?"

"Mimi naijua."

Mama alisimama na kitambaa mkononi. Baba alimaliza kutawadha, akampa birika, akarudi dukani. Nikaisikia nguo ikichanika, mara tatu. Kupitia ufa wa pazia nilimwona Hawo akipokea furushi kwa mikono miwili. Hakulia. Baba alimwambia, "Mungu amrehemu," na Hawo akaitikia kwa kichwa akatoka. Jina la maiti halikutajwa.

Adhuhuri Kahindi alikuja mbio kwa mlango wa nyuma, jasho limemlowesha shati.

"Wamemkamata yule mama pale bondeni," alisema. "Wamelifungua furushi njiani, mbele za watu. Wasema ni nguo za kufungia majeraha. Wasema kuna mtu kapigwa risasi huko na hizi ni dawa zake."

"Na kafuri?" baba aliuliza. "Kafuri nayo ni ya majeraha?"

"Bwana Athmani, kafuri wameimwaga. Twende kwangu. Ukae shambani, siku mbili tatu, mpaka hasira ziwatoke."

"Nikikimbia nitakuwa nimekiri."

"Ukikaa watakuja."

"Na waje. Nimeuza sanda, Kahindi. Sikuuza bunduki."

Kahindi alimtazama mama, mama akamtazama baba. Nilikuwa na sauti, na nikamwita, "Baba, nenda." Akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Pumzika, Zuhura." Akarudi kwenye kiti chake.

Walikuja alasiri.

Nilisikia viatu kwanza. Kisha mlango wa duka ukafungwa kutoka ndani.

Mama alinijia kitandani akanishika mkono. Mtoto alikuwa amelala. Niliomba asiamke.

"Mzee, hii kitambaa ni ya duka yako?"

"Ni bafta ya dukani kwangu, ndiyo."

"Uliuza ya kufanya nini?"

"Sanda."

"Nani amekufa?"

"Sikuuliza."

"Si uliambiwa uulize?"

"Niliambiwa."

Mtu mmoja alikuwa akitembea polepole, na vitu vilikuwa vikishushwa kutoka kwenye rafu.

"Huyo amekufa ni mwanaume ama mwanamke?"

Mama aliniminya vidole mpaka nikahisi mifupa. Sote wawili tulilijua jibu la kumwokoa. Mwanamke. Bibi kizee. Mtu ambaye hawezi kuwa na bunduki. Hapana aliyeweza kumsuta, kwa kuwa furushi walikwisha kulitawanya.

"Mwanamume," baba alisema.

"Umejuaje, na hukuuliza?"

"Alitaka nguo tatu. Mwanamke huvikwa tano."

"Sasa unatuchezea. Unajua, halafu hujui."

Nafikiri baba alijua kwamba hata akieleza mpaka magharibi hawatamwamini. Wao walikuwa wamepoteza mwenzao bondeni juzi yake, kijana wa miaka kama yangu, na walitaka jina. Yeye jina hakuwa nalo.

Aliomba avae kofia yake. Wakamruhusu. Alipoondoka hakulifunua pazia, kwa sababu nilikuwa ndani ya arobaini na wale walikuwa wanaume wageni. Alisimama nyuma yake kidogo tu.

"Zuhura," alisema, "mfunike mtoto. Upepo umebadilika."

Nikamfunika mtoto.

Mama alikwenda kambini kila siku na chakula kwenye kitambaa. Walikipokea. Kisha siku moja walikikataa, wakamwambia mzee amehamishwa. Wapi? Hawakujua. Nani ajuaye? Aende Malindi. Kabla hatujapata mtu wa kutupeleka Malindi, ilitoka amri kwamba Mkwajuni ihamwe, watu wote, kufikia kesho yake asubuhi. Nilitoka chumbani kabla ya arobaini yangu kutimia. Kahindi alitubebea mizani na gunia la mchele mpaka kwenye lori, kisha akaenda kuwatafuta watoto wake. Mama alifunga mlango wa duka kwa ufunguo, akaujaribu kwa kuusukuma, kama afanyavyo mtu anayetoka kwa nusu saa.

Tukiwa Mambrui tuliuona moshi. Wengine wanasema kijiji kilichomwa na watu wa msituni, wengine wanasema ni askari. Nimesikia yote mawili kwa watu walioapa, na kwangu sasa ni moshi ule ule.

Malindi tulipanga vyumba viwili mtaa wa Shella, na mama akafungua kibanda cha duka kwa mchele ule na mizani ile. Mume wangu alikuja kila alipopata ruhusa, na yeye na mama wakazunguka: Malindi, Kilifi, Mombasa, kwenye kila ofisi yenye dirisha na kila jela yenye lango. Jibu lilikuwa moja. Jina hilo hatunalo. Mama alirudi, akavua buibui, akafungua duka.

Hakukaa eda. Mke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila nguo za rangi, na mama hakufiwa, kwa hesabu yake. Alivaa leso nyekundu. Alitia wanja. Alhamisi jioni alitunga asumini akaziweka nyweleni, kama mwanamke ambaye mumewe atarudi kutoka msikitini. Majirani walinong'ona. Sheikh mmoja wa mtaani, mtu mpole, alikuja akamweleza kwamba mume akipotea muda mrefu sheria ina njia yake, na kwamba si dhambi kwake kupumzika.

"Eda ya nani?" mama alimwuliza. "Nionyeshe maiti."

Sheikh akanywa chai yake akaenda. Mimi nilikasirika, nikamwambia mama kwamba anajitesa na anatutesa sisi. Akaniambia niende nikapime sukari, kuna mtu anangoja.

Amina alikuwa ameanza kwenda chuoni kusoma Kurani, na watu wa kaskazini walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba vita vimemalizika, siku aliyokuja Hawo.

Sikumtambua. Alikuwa amekonda, meno ya mbele yametoka. Mama alimtambua kabla hajasema neno. Alisimama nyuma ya meza, mikono juu ya mizani, na Hawo akasimama upande wa wanunuzi.

"Nimekutafuta," Hawo alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Baadaye alituambia alijifunzia kifungoni.

Mama alimkaribisha ndani. Hawo akaketi mkekani, akasimulia akiutazama mkeka. Aliyekufa alikuwa mumewe. Mzee wa kifua, alikohoa miaka mingi, ikafika siku kikohozi kikamshinda. Hapakuwa na risasi wala bunduki. Aliwaambia askari hivyo pale bondeni na pale kambini, lakini aliwaambia kwa Kiorma, kwa kuwa hofu ilimwondolea Kiswahili chake chote kidogo, na hapakuwa na aliyemwelewa. Watoto wake walimngoja arudi na sanda mpaka jua la pili, wakamzika baba yao kwa shuka aliyokuwa akijifunikia.

Yeye na baba walifungwa kambi moja, mbali, huku wanawake na huku wanaume, ua wa miiba katikati. Kila asubuhi baba alimwamkia kupitia ua. Alimwuliza kama amelala vyema. Hakumwuliza kitu kingine.

"Hata huko?" nilisema. Sikuweza kujizuia. "Hata huko hakukuuliza nani aliyekufa?"

"Hakuuliza," Hawo alisema. "Nilimwambia mimi mwenyewe. Akasema Mungu amrehemu, kama siku ile."

Msimu wa baridi baba alishikwa na homa. Siku kadhaa hakuja uani. Kisha asubuhi moja walimtoa wanaume wanne, na Hawo alimwona uso kabla hawajamfunika. Walimfunika kwa gunia. Mtu aliyekata sanda za kijiji kizima. Walimpeleka upande wa vichakani na kurudi upesi, na Hawo hakujua ni mahali gani hasa, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kutoka.

"Ulimwona uso?" mama aliuliza.

"Wallahi nilimwona."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi nilitamani yule mama atoke nyumbani kwetu. Nilitamani asingekuja dukani asubuhi ile, mumewe angezikwa na shuka tangu mwanzo, kwani si ndivyo alivyozikwa. Mama aliinuka, akaniambia, "Mpe maji anawe," akaenda jikoni kumpikia.

Nimekuwa mzee sasa, nimewapita baba na mama umri waliokuwa nao, na bado nafanya hesabu ile ile. Lau baba angeuliza, angejibiwa: mume wangu, mzee, kifua. Wale askari walitaka jina na sababu, na angekuwa navyo. Pengine wangemwachia. Pengine wasingemwachia, kwa kuwa watu waliotaka kumkamata mtu siku zile hawakukosa njia. Nimewakasirikia askari, nimewakasirikia watu wa msituni waliomuua Salim, nimemkasirikia Hawo asiye na kosa. Mwenyezi Mungu anisamehe, nimemkasirikia na baba. Aliwapa wafiwa pumziko, na sisi wake hatukulipata. Watu huniambia alikufa kwa heshima. Huwa nawashukuru. Mimi ningemtaka hai, hata kwa uongo wa neno moja, mwanamke, ambao ungesahauliwa kabla ya jioni.

Hawo alipokwisha kuondoka, mama aliketi mbele ya kioo. Alivua vipuli. Alitia mafuta kwenye pamba akafuta wanja, jicho moja, kisha la pili. Akaikunja leso nyekundu akanipa, akavaa nguo nyeupe, akaniambia niwaite wanawake wa mtaani na nifunge duka.

Walikuja wote, hata wale walionong'ona. Waliingia wakiwa hawajui walie vipi kwa mtu aliyepotea zamani hivyo, mpaka mama alipoanza yeye. Sikuwahi kumsikia akilia kwa ajili ya baba. Nilikuwa nimedhani machozi yake yamekwisha, kumbe alikuwa hajayaanza.

Amina alirudi kutoka chuoni akakuta viatu vimejaa mlangoni na nyanya yake amevaa nyeupe. Alipenya katikati ya wanawake akanijia, akanishika magoti.

"Nani kafa?"

"Babu yako."

Akafikiri. Maisha yake yote aliambiwa babu hayupo, babu bado hajarudi, muombee babu.

"Babu Athmani? Kwani jana alikuwa hai?"

Nilimpakata, nikamwambia ndiyo. Jana alikuwa hai.